Rukhsa Ina Jina Langu

Thuwaini, binamu yangu wa nyumba nyingine ya ukoo wetu, alinipigia simu Jumatatu asubuhi kunialika harusi ya mwanawe Hud, Alkhamisi, Nizwa. Tukaulizana hali, tukaombeana dua, kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayekuletea zawadi, kwamba siku hiyo nyumba yetu itasomewa Fatiha.

"Fatiha ya nani?" nikamuuliza.

"Ya nyumba, bint ammi. Nyumba ya Obaid. Humaid nduguyo, Allah yarhamu, kaondoka na hakuacha mtoto mwanamume. Nyumba imefungwa. Tutaitaja pamoja na waliotangulia, kwa heshima zote, wallah."

"Na mimi ninayezungumza nawe ni nani? Mzuka?"

"Astaghfirullah, Fakhriya. Wewe mwanamke."

Nilikuwa nachambua samaki jikoni kwangu Sur, pwani ya Oman. Nikakiweka kisu chini, maana najijua.

Kwetu desturi ni hii. Siku ya harusi, kabla ya razha kuanza, ile ngoma ya wanaume ya panga na bunduki, ukoo mzima husimama uwanjani mbele ya sabla yetu, yaani baraza la ukoo, kule Nizwa, na mkubwa huziita nyumba moja moja kwa majina ya mababu. Kila nyumba ikiitwa, mtu wake mmoja hutoka mbele na bunduki ya nyumba mkononi, akajibu, "Hadhir," yaani nipo. Nyumba isiyo na mtu hutajwa mwisho, pamoja na maiti. Watu wakainua mikono, wakaisomea Fatiha, na tangu siku hiyo haitajwi tena ila kwa kurehemewa. Hakuna fungu la tatu. Mkubwa wa kuita, tangu alipokufa baba yake, ni huyo Thuwaini.

Bunduki yetu ni ya kizamani, ya kutia risasi moja moja. Babu yangu Obaid aliiacha Nizwa alipokwenda Pemba kulima karafuu, akazikwa hukohuko Wete. Baba yangu alirudi nasi mwaka wa sabini na mbili. Kiarabu chake kilikuwa cha msahafuni, na sisi watoto hata hicho hatukuwa nacho. Watu wakituita Wazinjibari na kutucheka vifuani mwao, wengine hata hawakungoja tupite. Lakini harusi ya kwanza tuliyohudhuria, wazee walioitunza ile bunduki waliileta, wakamtia baba mkononi, na nyumba ya Obaid ikaitwa. Baba hakulia tulipoiacha Wete, wala hakulia tulipolala miezi minne katika chumba kimoja Matrah. Pale alilia mpaka kilemba kikamlegea. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, nachungulia juu ya dari pamoja na wanawake, nikajua kwamba sasa tumefika.

Hilo ndilo alilotaka kulisomea Fatiha.

"Bunduki mpe Laith," akaendelea Thuwaini. Laith ni mwanawe mkubwa. "Atakungoja Ibra kwenye kituo cha petroli. Si uzuri mwanamke kuonekana njiani na bunduki. Itakaa sablani kwetu, amana."

"Rukhsa ina jina langu."

"Jina ni karatasi tu, Fakhriya."

"Basi chana kitambulisho chako, nacho ni karatasi tu."

Nikamkatia simu. Yule samaki alichambuliwa siku ile mpaka akabaki miiba mitupu.

Rukhsa hiyo sikuiokota. Ndugu yangu Humaid alipofariki, miaka miwili sasa, warithi wote tulikubaliana kwamba bunduki niichukue mimi. Nikaanza kwenda kituo cha polisi na kurudi, nenda na rudi, miezi minane: picha, alama za vidole, karatasi ya mahakama, karatasi ya daktari kwamba akili zangu timamu. Daktari mwenyewe nilimzalisha mimi mama yake. Nimekuwa mkunga miaka thelathini na moja, na Sur ile, ukikuta mtu wa chini ya thelathini anakukasirikia barabarani, huenda mimi ndiye niliyempiga kofi la kwanza. Siku ya kupewa ile karatasi, afisa alinisomea masharti. Isiwe na risasi ndani. Ifungwe sandukuni. Karatasi niwe nayo mwilini. Na asiichukue mtu mwingine.

"Hata mwanangu?" nikamuuliza.

"Hata mwanao, mama. Rukhsa ni ya mtu, si ya ukoo."

Neno hilo nililipenda kuliko beti zote za mahaba nilizopata kusikia. Maisha yangu yote mali yangu ilikuwa ya ukoo. Ndoa yangu ilikuwa ya ukoo, hata homa zangu zilikuwa zikijadiliwa na ukoo. Leo nimepata kitu ambacho serikali yenyewe inasema ni cha Fakhriya.

Watoto wangu ni wa nyumba ya baba yao, watu wa Sur, na kwa hilo sina ugomvi. Najua kwamba nyumba ya Obaid itaishia kwangu. Nikifa, fungeni. Lakini sijafa.

Alkhamisi tulitoka baada ya sala ya alfajiri, mimi na mjukuu wangu Hiba. Yeye ndiye dereva, kwa sababu macho yangu siku hizi yanaona ngamia wawili palipo na mmoja. Ana miaka ishirini na minne, anafanya kazi kule Ras al Jinz, anawakataza wageni kuwamulika kasa na tochi. Sanduku la bunduki tulililaza kiti cha nyuma na kulifunga kwa mkanda wa gari, kufuli yangu juu yake, ufunguo shingoni mwangu ndani ya nguo. Risasi sina hata moja. Rukhsa ilikuwa mkobani, na mkoba mapajani.

"Bibi," akasema Hiba tulipotoka mjini, "hao wanaume yote wataangalia sisi."

"Waangalie. Macho hayana pazia."

Ibra tulimkuta Laith kwenye petroli, amesimama kivulini na dishidasha yake, kanzu nyeupe. Kijana mzuri, mhandisi, ana adabu zake. Alikuja dirishani akaubusu mkono wangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Baba yako hajambo?"

"Hajambo. Amesema... amesema nichukue sanduku."

"Amesema yeye. Wewe wasemaje?"

Akacheka kwa haya, akatazama viatu vyake. Nikampa mahamri manne katika karatasi, nikamwambia amsalimie baba yake, tukaondoka. Nilijiona mshindi. Nilikuwa mjinga.

Samad ash Shan tulikuwa na mwaliko wa chakula cha mchana kwa Buthaina, dada yake Thuwaini, rafiki yangu tangu Wete. Shamba lake liko ndani, njia yake nyembamba kati ya kuta mbili za mitende, gari mbili hazipishani. Nilimchukulia papa mkavu wa Sur, akampokea kama mtoto mchanga. Tukatawadha, tukaswali adhuhuri. Nikiwa katika rakaa ya pili nilisikia gari letu likiwashwa nje. Sikuikata sala. Nikasema moyoni, Hiba huyo, analitoa gari juani.

Hakuwa Hiba. Tulipokwisha kula na kunawa, nikatoka kwenda kulitazama sanduku, kwa sababu nilikuwa nikilitazama kila tukisimama. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Mkanda ulikuwa umefunguliwa na kurudishwa vizuri mahali pake, kwa adabu.

"Hiba!"

Alikuja mbio, bila viatu. Akatazama ndani ya gari, rangi ikamtoka.

"Bibi, Laith alikuja hapa. Alisema pikapu ya majani ya mbuzi inataka kupita, niipe funguo, yeye atasogeza gari. Mimi nilimpa, alirudisha, akaenda. Wewe ulikuwa unasali."

"Na pikapu uliiona?"

Akaanza kulia. Hapakuwa na pikapu wala majani. Buthaina naye alikuwa kasimama mlangoni, mkono mdomoni.

"Thuwaini alinipigia asubuhi," akasema. "Aliniuliza mtafika saa ngapi. Nikamwambia. Wallahi, Fakhriya, nilidhani anataka kuja kukusalimu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilipandwa na hasira mpaka masikio yakanivuma. Thuwaini huyu nilimbeba mgongoni Wete, namfukuzia nzi, na mama yake akitaka kumtuliza alikuwa akiniita mimi. Tulipofika Oman akawa Mwarabu kuliko Waarabu. Mbele za watu Kiswahili hakijui, ila akijigonga kidole. Na sasa amekuja kuniibia nikiwa juu ya msala.

"Bibi, tupige simu polisi," akasema Hiba.

"Washa gari."

"Lakini bibi..."

"Yeye ana bunduki bila karatasi. Mimi nina karatasi bila bunduki. Hapo wote wawili tumo makosani, na mwenye jina ni mimi. Washa gari, mama, nataka nimwone uso kwanza."

Tulikwenda Hiba akikamata usukani kwa mikono miwili na mimi nikimwambia ongeza. Thuwaini hakuchukua simu. Laith naye hakuchukua. Barabara ya kwenda Izki ni jangwa na mawe meusi, huoni mti mpaka uchoke. Nilikuwa nafikiri maneno ya kumwambia, na kila nililolipata nililiona dogo.

Sikuhitaji maneno. Kabla ya kuingia Izki askari walikuwa wamesimamisha magari, ukaguzi wao wa kawaida tu, wanatazama leseni na mikanda, wanafungua buti. Na pembeni, nje ya foleni, limesimamishwa gari la Thuwaini. Kumbe walikuja wote wawili: Laith ameegemea mlango, kichwa chini. Thuwaini amevaa nguo za harusi kamili, kilemba cha sufi, jambia la fedha kiunoni, na mbele yake, juu ya boneti, limelazwa sanduku langu.

"Simama hapa," nikamwambia Hiba.

Nikashuka. Askari alikuwa kijana, ndevu ndio kwanza zinajaza. Alikuwa akizungumza taratibu, kwa Kiarabu, kama mtu aliyekwisha kuuliza swali lile lile mara tatu.

"Baba, bunduki ni yako?"

"Yangu," akasema Thuwaini.

"Rukhsa?"

"Nimeisahau Nizwa."

"Nimeangalia kwa namba ya kitambulisho chako. Una bunduki moja, na yule kijana wako anasema iko nyumbani."

"Hii nyingine."

"Fungua sanduku."

"Ufunguo... ufunguo nao uko Nizwa."

Njia ya mwongo fupi, na yake ilikuwa fupi hata kuliko ya kutoka Samad mpaka Izki. Lakini nilipomsikia nilielewa kitu kilichonikata maini zaidi ya ule wizi. Angeweza kusema, hii ni ya bint ammi yangu, yuko nyuma anakuja. Neno moja tu. Hakuweza. Mtu huyu aliona bora aitwe mwongo na askari, siku ya harusi ya mwanawe, kuliko kutamka kwamba bunduki ni ya mwanamke.

"Salaam alaykum," nikasema. "Hiyo ni yangu."

Wote watatu wakageuka. Nikamtajia askari namba iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu zote, bila kutazama popote, kwa sababu kila Ijumaa naisafisha na kuipaka mafuta na namba ile inapita chini ya kidole changu. Kisha nikaingiza mkono shingoni, nikatoa ufunguo. Nikampa na rukhsa. Akafungua kufuli, akainama, akasoma namba, akasoma karatasi, akanitazama mimi, akaitazama tena picha yangu kwenye karatasi.

"Wewe ndiye Fakhriya?"

"Mimi."

"Na huyu?"

"Bin ammi yangu."

Askari yule alikuwa mtoto wa watu. Alimwona Thuwaini na jambia lake na jasho lake, akaona na mimi umri wangu, akataka kutuokoa. Akashusha sauti.

"Mama, labda mlikuwa safari moja, gari mbili? Pengine gari lako halikuwa na nafasi, ukamwambia atangulie nalo, na wewe na karatasi uko nyuma yake. Kama ni hivyo nitawapa onyo, uchukue sanduku lako mwende harusini."

"Naam, naam," akadakia Thuwaini, "safari moja. Gari mbili."

Hiba alikuwa amekuja nyuma yangu, nikasikia pumzi zake. Nilihitaji kusema ndiyo tu. Ningesema ndiyo, sanduku lingerudi kwangu, na saa moja baadaye ningekuwa uwanjani Nizwa na bunduki ya baba yangu mkononi, kama nilivyoota tangu Jumatatu. Niliitaka. Lakini katika ndiyo ile Thuwaini angekuwa ndiye aliyenibebea bunduki, na mimi ndiye niliyempa, na rukhsa yangu ingekuwa karatasi tu, kama alivyosema.

"Hapana," nikasema. "Sikumpa."

"Alichukua bila idhini yako?"

"Muulize yeye."

Thuwaini akanisogelea, na Kiarabu chote kikamkimbia. "Fakhriya, dada yangu, usinifedheheshe. Leo harusi ya mtoto. Watu wananingoja. Nakuomba kwa haki ya marehemu mama."

"Sema, Thuwaini."

"Nitakuomba radhi nyumbani. Nitakubusu kichwa mbele ya wote."

"Kichwa changu hakina haja. Mwambie askari, bunduki ya nani?"

Alimtazama mwanawe, na Laith hakuinua kichwa. Akajifuta uso kwa ncha ya kilemba. Kisha akasema kwa Kiarabu, sauti yake nyembamba: bunduki ni ya Fakhriya, wa nyumba ya Obaid, na mimi niliichukua garini mwake, hakujua.

Askari akashusha pumzi. Nadhani alisikitika kuliko sisi. Akasema basi hawezi tena kuiachia barabarani. Sanduku litakwenda kituoni na kuandikishwa, mkubwa wake amekwisha toka, kazi mpaka Jumapili. Jumapili wote tufike. Na mimi, je, nashtaki?

"Jumapili nitakwambia," nikasema.

Akaniandikia stakabadhi, jina langu juu, mmiliki. Nikatazama sanduku likifungwa na kutiwa katika gari la polisi. Nikaushika mkono wa Hiba. Sitaki kudanganya hapa kwamba nilijivuna. Nilijisemea, mwanamke mjinga wewe, umeshinda maneno umepoteza bunduki.

Kutoka Izki mpaka Nizwa Hiba alilia na kuendesha.

"Sori, bibi. Mimi ndio nilimpa funguo."

"Ulimpa ndugu yako ufunguo asogeze gari. Huo si ubaya. Ubaya ni wa aliyeutumia wema wako. Pangusa macho, utatutia bondeni."

"Sasa tunarudi Sur?"

"Turudi tufanye nini? Nimealikwa harusi."

Tulifika baada ya alasiri. Uwanja umejaa, ngoma zimeanikwa juani ili ngozi zikaze, harufu ya ubani na kahawa. Wanawake waliniita juu darini, wamenitengea mahali. Nikamwacha Hiba apande. Mimi nikabaki chini, penye kona ya ukuta wa sabla.

Thuwaini alinikuta hapo. Alikuwa ameoga na kubadili dishidasha, lakini uso haukubadilika.

"Fakhriya," akasema kwa Kiswahili, akichungulia kama yupo anayesikia. "Nikiita nyumba yenu na wazima, Jumapili utanisamehe? Hutashtaki?"

Huyo ndiye Thuwaini. Mlango ukifungwa anatafuta dirisha.

"Sifanyi biashara kwa jina la baba yangu," nikamwambia. "Ita au usiite. Jumapili nitasema nitakalolisema."

"Na bunduki huna! Nitakuitaje? Mtu hatoki mikono mitupu, haijapata kutokea!"

"Hayo ni yako. Wewe ndiye mkubwa."

Akaondoka akitikisa kichwa. Mimi nikatoka pale konani, nikaenda nikasimama katika mstari wa nyumba, mwisho kabisa, baada ya kijana mmoja aliyeshika bunduki ya babu yake na simu. Kijana akanitazama, akataka kusema kitu, akasogea kunipa nafasi. Manung'uniko yakapita katika watu. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, huyu bibi kapotea?

Thuwaini akaanza kuita. Nyumba ya kwanza, hadhir. Ya pili, hadhir. Nyumba kumi na moja ziliitwa na kumi na moja zikajibu. Alipofika kwenye yetu akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu hata wapiga ngoma wakadhani amemaliza, mmoja akagonga, wakamzuia. Mikono ya baadhi ya wazee ilikwisha kuanza kuinuka kwa Fatiha.

"Nyumba ya Obaid," akaita.

Nikatoka hatua tatu mbele. "Hadhir," nikasema.

Sasa ndiyo zikapanda kelele. Yule mzee wa mwanzo akapiga fimbo chini. "Bunduki yao iko wapi? Nyumba gani hii inaitika mikono mitupu?"

Nilimtazama Thuwaini. Alikuwa na njia kumi za kusema. Angeweza kusema imepotea, imeharibika, imesahaulika Sur, na wote wangemsadiki, na mimi ningeonekana mwanamke wa Kizinjibari aliyekuja kuchezea desturi za watu. Aliniona namtazama. Nilimwona anahesabu.

"Iko polisi, Izki," akasema. "Imezuiliwa kwa kosa langu. Niliichukua garini mwake bila idhini, nikasema ni yangu. Yeye alikuja nayo kwa haki, kwa rukhsa yake."

Laith alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, na mara ya kwanza tangu Izki aliinua uso.

Kisha Thuwaini akafanya jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa wema au ni ile tabia yake ya kutaka kila kitu kipite mkononi mwake. Labda yote mawili. Alikuja mpaka mbele yangu, mbele ya ukoo mzima, akaishika bunduki yake mwenyewe kwa mikono miwili, ile ya nyumba yao, iliyotiwa fedha kitakoni, akaninyooshea.

"Simama na hii, bint ammi," akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nyumba ya Obaid isisimame bure."

Watu wakaguna kwa kuridhika. Wazee walipenda. Ilikuwa picha nzuri, na mimi nilichotakiwa ni kupokea tu, na kila mtu angekwenda kula wali wake kwa raha.

"Hiyo ina jina lako, Thuwaini," nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kufika darini. "Mimi sishiki bunduki isiyo na jina langu. Rudi nayo mahali pako."

Akasimama kidogo, mikono imenyooka. Kisha akarudi nayo, na mimi nikabaki katika mstari na mikono yangu mitupu mpaka ngoma zilipoanza.